Jua, Samaki na Mifupa ya Mtoto
Maneno kwa wenyeji wa vijiji vya upande wa Goma

Mmeacha kazi zenu ili msikie, basi sitasema mengi. Nataka kusema juu ya mifupa.

Mmepata kumwona mtoto wa miaka mitatu, miguu imepindika kama upinde, vifundo vya mikono vimevimba, achelewa kutembea. Ugonjwa huo ni matege. Wengine husema amerogwa, wakagombana na jirani bure. Mifupa yake ni laini tu, kama chungu kisichochomwa bado.

Mfupa hukazwa na nini? Na chokaa iliyo ndani ya chakula. Lakini chokaa hiyo haipiti vema toka tumboni mpaka mfupani isipokuwa kwa msaada wa vitamini D. Na vitamini D, sehemu kubwa hufanywa na ngozi yetu wenyewe, jua linapoipiga.

Mtasema: Sisi tu karibu na ikweta, jua tunalo mwaka mzima. Ni kweli. Lakini jua likiwa nje nawe u ndani, lakufaa nini? Tazameni mchimbaji wa koltani kule Rubaya, katika Masisi. Aingia shimoni asubuhi, atoka jua limeshuka. Mtu mzima akikosa vitamini hii, mifupa humwuma na mapaja hulegea. Mtoto naye yuko mgongoni, amefunikwa kitenge tangu kichwa hata miguu, kwa sababu ya baridi ya milima. Tena ngozi nyeusi, ambayo yatukinga tusiungue, yataka jua la muda mrefu kuliko ngozi nyeupe. Maziwa ya mama ni chakula bora cha mtoto mchanga, lakini vitamini hii ni kidogo ndani yake.

Basi, jua la saa gani? Wengi hupenda la saa moja ya asubuhi, maana ni pole. Lapendeza, lakini kwa kazi hii halina nguvu. Simama mahali wazi, utazame kivuli chako. Kikiwa kirefu kuliko wewe, jua ni dhaifu bado. Kikiwa kifupi kuliko wewe, lafanya kazi. Huku kwetu ni tangu saa tatu hivi hata saa tisa. Mtoto akae nje, mikono na miguu wazi, kichwa kivulini, robo saa hata nusu saa, asiachwe mpaka aungue. Na mchimbaji, siku asiyoingia shimoni, asilale nyumbani mchana kutwa. Ila mwenye ualbino asifuate shauri hili: jua lamwunguza upesi, nalo huweza kumletea kansa ya ngozi. Yeye ale samaki, akaulize hospitali.

Tena jua peke yake halitoshi ikiwa chokaa haimo chunguni. Huko Nigeria watoto wanaocheza juani kutwa wamepata matege kwa kukosa chokaa. Penye machimbo watu huacha mashamba, wakanunua unga wa mihogo. Na bugali mtupu hujaza tumbo tu. Tunao sambaza, waliotolewa Tanganyika wakatiwa katika ziwa Kivu mwaka 1959 hivi. Samaki huyu huliwa mzima pamoja na mifupa yake, basi chokaa na vitamini vyaingia pamoja. Mama atwange sambaza wakavu wawe unga laini, autie katika uji wa mtoto aliyetimiza miezi sita. Na ninyi wenye ng'ombe, mwauza maziwa yote, hata kikombe cha mtoto hakibaki! Fedha yake mwanunua nini kilicho bora?

Miguu ikiisha kupindika, msiifunge kwa vijiti, wala msingoje. Mpelekeni mtoto hospitali. Akiwa mdogo bado, akapewa vitamini D na chokaa, mara nyingi miguu hunyoka kadiri akuavyo. Akiwa mkubwa, mfupa umekwisha kukazwa katika kupinda kwake, na huenda daktari akalazimika kuukata ili aunyoshe.