Miujiza ya Bibi Maria katika Ushairi wa Hispania



  Jioni hii nawaomba mfuatane nami hadi karne ya 13, kaskazini ya Hispania, katika nchi ya La Rioja, alikoishi kasisi Gonzalo de Berceo, mshairi wa kwanza wa Kikastilia ambaye jina lake limetufikia.

Berceo alihudumu katika nyumba ya watawa ya San Millán de la Cogolla, mahali penye vitabu vya Kilatini ambavyo mkulima wa jirani hakuweza kuvisoma, wala kuvifahamu asomewapo. Yeye akaazimia kutunga kwa lugha ambayo mtu husemezana na jirani yake, na katika utungo wa kumsifu Mtakatifu Domingo wa Silos akatamka bila haya kwamba kazi hiyo yastahili bilauri ya divai njema. Kitabu chake mashuhuri, Milagros de Nuestra Señora, kina hadithi 25 za miujiza, katika beti za mishororo minne yenye kina kimoja, na kila mshororo una mizani 14 zilizokatwa katikati.

Hebu tutazame moja. Palikuwa na mwizi, mwizi hasa, asiye na sifa njema hata moja isipokuwa hii: kila apitapo mbele ya sanamu ya Bibi Maria huinama na kumsalimu. Akakamatwa, akahukumiwa, akatundikwa. Naye Bibi akaja akaweka mikono yake chini ya nyayo za mtu yule, kitanzi kisimkabe. Siku ya tatu jamaa zake walipokuja kuuteremsha mwili wakamkuta hai. Waliomtundika hawakusema kuwa ni muujiza. Walisema kitanzi kilikuwa kibovu, wakajuta kwa kutomkata koo, wakaleta visu, na mikono ile ile ikaja ikalikinga koo. Hapo tu ndipo walipomwacha aende zake.

Msomaji mwenye kupenda uadilifu atauliza, je, haki iko wapi? Nami nadhani amekosea mlango. Miujiza ya Berceo haipimi wema wa mtu bali uaminifu wake, kama ule wa mtwana kwa bibi yake: amsalimuye kila siku hatatupwa, awe mwizi, awe kasisi mjinga ajuaye misa moja tu, ambaye askofu alipomfukuza, Bibi Maria alimtisha askofu kwa mauti hata akamrudisha kazini. Huo ndio ulinzi ambao wanyonge wa zama zile walimwomba kila bwana mwenye ngome, wakaupata kwa nadra.

Mfalme Alfonso wa Kumi, aliyetawala Castilla na León toka 1252 hata 1284, naye alikusanya nyimbo zaidi ya 400 za Bibi huyo huyo, kwa lugha ya Kigalisia-Kireno cha kale, pamoja na tuni zake. Nyingi zina kiitikio, kisha mishororo mitatu ya kina kimoja, na wa nne hurejea kwenye kina cha kiitikio, mfano wa zajali za Waarabu wa Andalusi. Wanazuoni wangali wakishindana juu ya asili ya umbo hilo, lakini sikio lililolelewa na utenzi, wenye vina vitatu vya ndugu na cha nne kirudicho daima, halihitaji kufundishwa kulisikiliza. Katika wimbo mmoja mfalme mwenyewe yu mgonjwa katika mji wa Vitoria. Akazikataa nguo za moto walizoagiza matabibu, akataka awekewe mwilini kitabu cha nyimbo zake, akapona. Ni wimbo mzuri, ila wanukia baraza. Mwizi wa Berceo humshinda mfalme kwa mbali.

Nawasihi basi wanafunzi wetu wajifunze Kikastilia cha kale, walau kiasi cha kumsoma Berceo kwa kauli yake, na aliyejaliwa kipaji atutafsirie kisa cha mwizi kwa bahari ya utenzi. Aanze na hicho, maana ni kifupi, na wasikilizaji wake wako tayari.