Ili Mwalimu wa Sayansi Abaki



Katika mapokeo yetu guru, yaani mwalimu, hutajwa kando ya mama na baba, na vidyadan, utoaji wa elimu, huhesabiwa miongoni mwa sadaka bora. Ndiyo maana tumeona vyema kumzungumzia mwalimu katika sherehe hii.

Wenzetu wa Kenya wanaye Bruda Peter Tabichi, mtawa wa Kifransisko, mwalimu wa hisabati na fizikia. Aliacha shule ya binafsi akaenda Keriko, shule ya kutwa ya kijijini upande wa Njoro, yenye kompyuta moja na intaneti ya kusuasua. Huko alikuza klabu ya sayansi, akawafuata wanafunzi makwao mwisho wa juma, na yapata asilimia 80 ya mshahara wake akawapa wahitaji. Tarehe 24 Machi 2019, mjini Dubai, alitunukiwa tuzo ya mwalimu bora duniani, dola 1,000,000.

Tunamheshimu mno. Lakini mtawa hana mke wala watoto wa kulisha, na taifa haliwezi kupanga ikama ya walimu kwa kutegemea watawa. Dkt. Suleman Sumra, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alipochunguza maisha ya walimu wa Tanzania kwa ajili ya HakiElimu, alitazama mambo ya kawaida kabisa: mshahara, nyumba, mazingira ya kazi. Sisi wafanyabiashara twalielewa hilo. Karani akiondoka kila mwaka, mwenye duka mwenye akili huuliza kwanza alikuwa akilala wapi.

Tutazame kata ya Ruanda. Mgodi wa makaa ya mawe wa Ngaka, pale Ntunduwaro, huvuta madereva na mafundi wenye fedha za kulipia chumba. Mwalimu kijana wa fizikia hushindana nao. Masika yakianza, barua ya kuomba uhamisho i tayari mfukoni. Watoto hubaki wakinakili somo la umeme ubaoni pasipo kushika hata waya.

Hivyo twaleta ombi. Fedha za lango jipya la hekalu zigawanywe: nusu ijenge nyumba ya walimu wawili Ruanda, yenye tangi la maji na umeme wa jua, bila sharti la dini wala kabila, funguo zikae kwa serikali ya kijiji. Saruji na mabati tutatoa kwa bei tuliyonunulia. Lango la sasa bawaba zake hulia, lakini linafunga. Nanyi majirani wa Ruanda mliomo humu, mtuonyeshe kiwanja kabla ya mvua za Novemba.