Waridi Lisogelewe, Lisichumwe

Maelezo ya Afisa Habari kwa wafanyakazi wa Serikali na wananchi



Napenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo baadhi yenu mtaliona dogo, nalo ni namna ya kulifaidi ua la waridi katika bustani za umma.

Sisi watu wa visiwani tunalijua waridi kwa marashi zaidi kuliko kwa macho. Mrashi hupitishwa katika maulidi na harusini, kila mtu akanyunyiziwa. Lakini wengi wao hawajapata kuinama mbele ya mwaridi ulio hai. Sababu mojawapo ni hali ya hewa, kwani joto letu hulifanya ua hilo lichanue upesi na kupukutika upesi. Huko Oman, ambako wengi wetu tuna jamaa, waridi la marashi hulimwa katika milima ya Jabal Akhdar, kwenye mwinuko wa mita zipatazo 2,000, na huchumwa baina ya mwisho wa Machi na katikati ya Mei. Wachumaji huwahi alfajiri, kwa kuwa mafuta yenye harufu yamo katika petali, na jua likishapanda huanza kupotea hewani.

Kwa hiyo anayekwenda bustanini saa tisa za mchana, akarudi akilalamika kwamba maua hayanukii, asiilaumu bustani. Tumezoea bustani kuwa ni mahali pa jioni, kama Forodhani, ambako watu hujaa baada ya magharibi kwa ajili ya pweza na maji ya miwa. Waridi lataka asubuhi. Mtu achague ua lililofunguka nusu, atazame kwanza kama hamna nyuki ndani, kisha asogeze pua na kuvuta pumzi polepole. Halafu ajitenge kidogo, kwani pua huzoea harufu upesi, na mwenye kunusa mfululizo huishia kutosikia kitu. Akiona majani yamelowa dawa ya wadudu, aahirishe.

Ieleweke pia kwamba si kila waridi hunukia. Mawaridi mengi ya biashara, yakiwemo yale ya Naivasha nchini Kenya yanayosafirishwa kwa ndege hadi Ulaya, yamechaguliwa ili yadumu chomboni, na mara nyingi harufu yake ni hafifu.

Sasa nije kwenye lililo zito. Wapo wageni wa bustani wasiotosheka kwa kunusa, huchuma. Kila mmoja huhesabu ua lake moja tu, na ua hilo hunyauka kabla ya kufika nyumbani. Wengine hukanyaga matuta, na udongo ulioshindiliwa haupitishi vyema maji wala hewa, hata mizizi ikadhoofika. Mwisho wake wasimamizi huzungusha waya. Mimi siupendi waya huo, maana unamwadhibu mzee aliyepungukiwa na nuru ya macho, ambaye harufu ndiyo fungu lake lote, pamoja na mtoto ambaye hajapata kuliona waridi ila juu ya kanga. Lakini ni vigumu kumlaumu mtunza bustani ambaye kila jioni huona kazi yake ikitoka mlangoni mikononi mwa watu.

Tunawaomba basi wananchi wasimame kwenye njia, na tawi lililo mbali lisivutwe. Miiba yake imepinda, hushika nguo na kuchana ngozi. Watoto wasifukuzwe. Mzazi amshike mtoto mikono, amwinamishe, anuse. Na anayetaka kurudi na kitu nyumbani amwombe mtunza bustani ruhusa ya kuokota petali zilizokwisha kuanguka. Zikitandazwa kivulini juu ya karatasi hukauka, na zaweza kutiwa katika kabati la nguo.