Kamani Nyembamba Kama Unywele



Jioni hupenda kutengeneza saa za mkono za kutia ufunguo. Saa ya marehemu baba ilikuwa ikienda mbio mno. Ndani yake mna kamani nyembamba kama unywele, yenye kuongoza mapigo 18,000 kwa saa moja. Nikadhani imepinda, nikainyoosha kwa kibano, nikaiharibu. Kumbe ilikuwa imeingiwa na sumaku tu, mizunguko yake ikashikamana. Ingetosha kuiondolea sumaku bila kuigusa.

Ndugu, mwanao akibadilika ghafula, usikimbilie kumnyoosha. Uliza kwanza ni nini kilichomshika. Paulo naye aliwasihi Wagalatia wamrejeze aliyekosa kwa upole.

Ee Baba, uitulize mikono yetu. Amina.