Upepo wa Kipeto, Makaa ya Kitengela

Msikilizaji, hapa Kajiado upepo unatuzalishia stima. Mitambo 60 ya shamba la upepo la Kipeto, yenye uwezo wa megawati 100, imekuwa ikilisha gridi ya taifa tangu 2021. Lakini kutoka Kitengela hadi Namanga, majiko ya makaa bado yanafuka milangoni mwa nyumba za kupanga.

Kwa nini hili linakuhusu? Moshi huo unaishia vifuani mwa kina mama na watoto. Wanaotetea kupikia stima wana hoja nzito: sufuria ya presha ya umeme huivisha maharagwe kwa chini ya uniti moja.

Sasa tumsikilize mpangaji. Bei nafuu zaidi ya stima ni ya anayetumia uniti zisizozidi 30 kwa mwezi. Akianza kupikia stima, anavuka hapo kwa urahisi, na bei ya uniti inapanda. Makaa atanunua mkebe mmoja, kwa pesa ya leo. Na stima ikipotea jioni, je?

Kwa maoni yangu, kiwango hicho cha uniti 30 kinamwadhibu anayejaribu kuacha moshi. Swali ni hili: kikipandishwa, nani alipe tofauti, serikali, kampuni ya umeme, au mteja anayetumia zaidi?