Kujitenga Siyo Kutengwa



Leo tunataka kuzungumza nanyi juu ya jambo lisiloonekana kwa macho. Nalo ni moyo wa mgonjwa wa saratani wakati wa ugonjwa wa mlipuko.

Mnakumbuka mwaka 2020. Mwezi Machi mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa hapa Tanzania. Shule zikafungwa, na darasa letu la kisomo nalo likasimama. Tukaambiwa tunawe mikono kwa sabuni na tusikusanyike. Hiyo ilikuwa kinga. Lakini sisi walimu tulikosea jambo moja, na leo tunaliungama mbele yenu.

Darasani tulikuwa na mama mmoja mwenye saratani ya titi. Kila baada ya majuma matatu alikwenda Dar es Salaam kutiwa dawa, kisha akarudi kijijini kungoja zamu nyingine. Tulijua kwamba dawa za saratani hupunguza chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili. Basi tukasema, "Tusiende kwake, tusije tukampelekea korona." Nia ilikuwa njema. Lakini zilipita siku, yakapita majuma sita. Hata salamu hatukupeleka. Majirani wengine nao walimkwepa wakidhani saratani inaambukiza. Jamani, saratani haiambukizwi kwa kula pamoja wala kwa kukaa pamoja!

Siku moja mtoto wake akatuletea daftari la kisomo. Mama alikuwa ameandika kwa penseli: "Walimu, mbona hamji? Mmeshanizika?"

Tulinyamaza. Hatukuwa na jibu.

Jioni ile ile tulikwenda. Tulivaa barakoa za kitambaa, tukakaa chini ya mwembe, naye akakaa barazani. Akatueleza kwamba halali usiku. Akikohoa kidogo tu, anadhani ni korona. Kumbe zamu moja ya dawa alikuwa ameiruka kwa kuogopa basi na hospitali. Hakumwambia mtu, kwa kuwa hakuna aliyekuja kumwuliza. Tukampigia simu muuguzi, akapangiwa siku nyingine. Zamu ile ilichelewa, lakini zilizobaki alizimaliza.

Ndugu zetu, kujitenga ni kinga. Kutengwa ni ugonjwa wa pili. Mwezi Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba korona si dharura ya dunia tena. Lakini milipuko haijaisha. Mwaka huo huo wa 2023 ugonjwa wa Marburg ulizuka Kagera. Kwa hiyo tukumbuke haya:

1. Tumwulize mgonjwa, "Unaogopa nini?" Kisha tusikilize. Tusimkatize kwa kusema, "Usijali, utapona."

2. Tusipoweza kumkaribia, tuzungumze naye kwa mbali, tupige simu au tuandike barua. Kusoma na kuandika tulijifunza kwa kazi kama hiyo.

3. Asiache dawa kwa hofu. Kama anaogopa safari, tuulize hospitali kwanza. Na mtu anayetumia dawa za saratani akipata homa, asingoje kesho. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

4. Mgonjwa asiyelala, asiyetaka kula, au anayesema heri afe, tumweleze mganga wa zahanati. Huzuni nayo hutibiwa. Siyo uvivu, wala siyo kukosa imani.

Hebu mkikutana katika kikundi chenu, jadilianeni maswali haya. Je, kijijini kwenu yuko mgonjwa ambaye hajatembelewa mwezi huu? Nani atakwenda kwake, na lini? Andikeni jina la atakayekwenda na siku yenyewe.

Mama yule alituandikia mstari mmoja tu wa maneno. Tusingoje kuandikiwa mwingine.