Siku ya Mbio: Maelezo kwa Wakimbiaji, Kamati za Sharika na Wafadhili

(Maelezo yaliyotolewa na Mratibu wa Miradi ya Dayosisi katika kikao cha maandalizi ya Kilimanjaro Marathon, Moshi)

 

Nimeombwa nizungumzie siku yenyewe ya mbio. Sitazungumzia mazoezi. Aliyefanya mazoezi amekwisha kuyafanya, na ambaye hakuyafanya hawezi kuyalipia katika wiki hii moja iliyobaki. Atakachoongeza ni uchovu tu. Kimbieni kidogo, laleni mapema, na yule atakayepata homa au kuharisha siku mbili kabla asije uwanjani kukimbia. Aje kutusaidia kugawa maji.

Kwa faida ya wageni wetu, mbio hizi zilianza mwaka 2003 na hufanyika hapa Moshi Jumapili moja ya mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Zinaanzia na kumalizikia katika uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika. Wako wanaokimbia kilomita 42.195, wako wa nusu yake ambayo ni kilomita 21.1, na wako wa kilomita 5 za kujifurahisha, ambamo utawakuta watoto, akina mama na vitenge vyao, na baadhi ya wachungaji wetu.

Ni lazima kila mmoja aijue njia kabla ya kuikimbia. Wa nusu marathoni wakishatoka mjini wanapanda kuelekea Mweka, kule wanakoteremkia wapanda mlima, kisha wanarudi kwa mteremko. Wa marathoni kamili wanaanza na barabara kuu inayoelekea Dar es Salaam, wanageuza, wanarudi mjini, na ndipo wanapopandishwa Mweka. Angalieni hapo. Kilima kinawajia wakiwa wamekwisha kukimbia zaidi ya nusu ya safari, na jua la Februari limekwisha kupanda pamoja nao. Anayetumia nguvu zake zote pale barabara kuu, kwa sababu pametambaa na asubuhi kuna ubaridi, atakuwa ameimaliza akiba yake kabla kazi haijaanza.

Mtanzania mwenzetu Alphonce Simbu alipata medali ya dhahabu ya marathoni katika mashindano ya dunia ya Tokyo mwezi Septemba 2025, dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda uleule, saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na ilibidi picha ya mstari wa mwisho iamue. Alikaa na kundi kwa kilomita 42, akamaliza kazi ndani ya uwanja. Sisi hatushindanii dhahabu, lakini uvumilivu ule wa mwanzo unamfaa hata anayekimbia kwa saa tano. Kilomita tano za kwanza ukiweza kuzungumza na mwenzako sentensi nzima bila kuhema, mwendo wako ni sahihi.

Sasa maandalizi ya asubuhi. Namba zichukuliwe mapema, siku zilizopangwa; msitegemee kuzipata uwanjani. Namba ibandikwe kifuani kwa pini nne, na kifaa kidogo cha kupima muda kikae pale mlipoelekezwa. Nyuma ya namba, kwa kalamu isiyofutika, andika jina lako kamili, simu ya ndugu atakayepatikana asubuhi hiyo, na ugonjwa au dawa unayotumia: kisukari, pumu, kifafa, shinikizo la damu, mzio wa dawa. Viongozi wa vijana, naomba mgeuze kila namba na kuisoma kabla mtu hajaingia kwenye mstari. Kumpa mwenzako namba yako ni kosa kwa kanuni za mbio, tena ni hatari. Akianguka, daktari atasoma habari za mwili wako wakati anautibu mwili wake.

Raba mpya za dukani, au za mtumba zilizonunuliwa Ijumaa pale sokoni, zibaki nyumbani. Vaa ulizozoea, hata kama zimechakaa. Paka mafuta ya mgando kwapani, mapajani na penye mishono ya nguo. Chakula ni kile ulichozoea kabla ya mazoezi: uji, chai na mkate, ndizi mbivu, saa mbili hadi tatu kabla ya kuanza. Mtori wa nyama ni chakula kizuri sana, lakini uliwe jioni ya Jumamosi. Fikeni uwanjani saa nzima kabla ya muda wenu, maana foleni ya vyoo ni ndefu kuliko mnavyodhani.

Jambo jingine ni vidonge. Nimesikia kwamba baadhi ya vijana humeza ibuprofen au diclofenac kabla ya mbio ili wasisikie maumivu. Tafadhali acheni. Mwili ukiwa umepungukiwa maji na una joto kali, dawa hizo zinaweza kuzidhuru figo, na pia zinawazibia masikio msisikie kile ambacho mguu unawaambia.

Kuhusu maji nitakaa kidogo, kwa sababu hapa kuna mafundisho mawili yanayoonekana kupingana. Tarehe 7 Oktoba 2007 kule Chicago joto lilifika kiasi cha nyuzi 31, baadhi ya vituo vya maji vikakaukiwa, na waandalizi wakalazimika kuzisimamisha mbio baada ya saa tatu na nusu hivi, watu maelfu wakiwa bado njiani. Hivyo maji ni lazima yawepo ya kutosha, na yawatoshe hasa wale wa nyuma, ndio wanaokaa juani muda mrefu zaidi. Kamati zinazosimamia vituo zisimalize katoni zote kwa kundi la mbele.

Lakini kunywa kupita kiasi nako kunaua. Katika mbio za Boston za mwaka 2002 mwanamke mmoja wa miaka 28 alifariki baada ya chumvi ya damu yake kushuka mno kwa sababu ya kunywa sana. Mwaka huohuo, palepale, watafiti walipima damu za wakimbiaji 488 waliomaliza, wakakuta asilimia 13 chumvi yao imeshuka chini ya kiwango. Walio katika hatari kubwa ni wale wa mwendo wa polepole, wanaosimama kila kituo na kunywa vikombe viwili bila kiu. Kwa hiyo kanuni ni fupi: kunywa kwa kadiri ya kiu yako. Ukisikia kiu, kunywa. Usiposikia, jimwagie kichwani na uendelee. Pete au saa ikianza kukubana, kichwa kikakuuma na ukatapika, usiongeze maji. Nenda kwa waganga.

Sasa nageukia ninyi mtakaosimama kando ya barabara, maana mnaweza kuokoa maisha kuliko yeyote. Wengi wanaoanguka baada ya kuvuka mstari wa mwisho wamesimama ghafla na damu imebaki miguuni. Walazeni chali, miguu iinuliwe, na kwa kawaida baada ya dakika chache watawauliza medali yao iko wapi. Ndiyo maana tunawaambia wanaomaliza waendelee kutembea. Anayeanguka kabla ya mstari ni habari nyingine. Akiwa anayumba, anasema maneno yasiyoeleweka, amekuwa mkali bila sababu au hajui yuko wapi, na mwili una moto, joto la ndani linaweza kuwa limepita nyuzi 40. Hata kama bado anatoa jasho, msidanganyike.

Mtu huyo apozwe kwanza, ndipo asafirishwe. Narudia, kwa sababu desturi yetu ni kumpakia mgonjwa kwenye gari la kwanza linalopita na kukimbilia hospitali, na dakika ishirini za foleni ya magari zinatosha kumpoteza. Ambulensi iitwe, lakini wakati inakuja, mpelekeni kivulini, mvueni nguo za juu, mtumbukizeni hadi kifuani kwenye beseni kubwa au pipa lililokatwa lenye maji na barafu, mmoja akimshika kichwa kisizame. Pasipokuwa na pipa, mmwagieni maji baridi mwili mzima mfululizo na kumpepea. Asinyweshwe kitu ikiwa hajitambui sawasawa. Kule Falmouth, Marekani, kuna mbio za kilomita 11 hivi za mwezi Agosti ambazo madaktari wake waliweka kumbukumbu za miaka 18: wagonjwa 274 wa namna hii waliotibiwa kwa kutumbukizwa kwenye maji baridi palepale uwanjani, na hakuna hata mmoja aliyekufa. Pipa na barafu si vitu vya gharama kubwa. Naomba kila kituo chetu kiwe navyo, na barafu iagizwe Jumamosi.

Moyo kusimama ni jambo la nadra. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2000 hadi 2010, katika mbio za marathoni na nusu marathoni zilizojumuisha watu milioni 10.9, ulihesabu watu 59 waliopatwa na hali hiyo; 42 kati yao walifariki. Ni wachache, lakini aliyepona mara nyingi aliponea kwa mtu wa jirani aliyeanza kumkandamiza kifua mara moja. Mtu akianguka, haitiki wala hapumui sawasawa, kandamiza katikati ya kifua kwa nguvu na kwa haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mkipokezana hadi waganga wafike. Maumivu ya kifua, kizunguzungu kisichoisha, mapigo ya moyo yanayorukaruka: mkimbiaji mwenye dalili hizo asimame, asimsubiri mtu kumpa ruhusa.

Hapo ndipo ninapokuja kwa wafadhili na kamati za fedha, na nawaomba mnivumilie. Sharika kadhaa zimewatafutia wakimbiaji wao ahadi kwa utaratibu wa shilingi kadhaa kwa kila kilomita, na nyingine zimeahidi fungu lote mkimbiaji akimaliza. Nia ni njema na fedha zinahitajika. Lakini mfikirieni binti wa miaka 22 aliyefika kilomita ya 34, kule juu Mweka, anayeona kiwinguwingu, na kichwani anapiga hesabu kwamba akikaa chini sasa usharika wake utakosa bati za zahanati. Tumemwekea mzigo ambao hakuna kocha ambaye angemwekea. Wote tunampenda mzee wetu John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 akiwa wa mwisho, goti limefungwa bandeji, giza limeingia. Vijana wetu wanakua na picha ile, na ni haki. Lakini goti lililoumia si sawa na ubongo uliopata joto. Wa kwanza anaweza kuchechemea hadi uwanjani. Wa pili hatajua hata kwamba anakufa.

Kwa hiyo ombi langu rasmi ni kwamba ahadi zote zilipwe pale mkimbiaji anapovuka mstari wa kuanzia. Fomu za ahadi ziandikwe upya kabla ya Alhamisi, na mkimbiaji aionyeshwe fomu yake, aone kwa macho yake kwamba fedha imekwisha kupatikana. Najua kuna mfadhili atakayesema hilo linaondoa hamasa. Namjibu kwa heshima kwamba mwenye hamasa atakimbia; kilichoondolewa ni sababu ya kuogopa kusimama. Vilevile matangazo ya Jumapili inayofuata yawataje wote walioanza, bila orodha mbili.

Mambo madogo ya mwisho. Baadhi ya barabara za mjini hufungwa asubuhi hiyo, kwa hiyo sharika za mjini ziwatangazie washarika mapema wajue watapitia wapi kwenda ibadani, na waendesha bodaboda wetu waambiwe wasijipenyeze katikati ya wakimbiaji. Wanaogawa maji wasimame kwa mstari mrefu upande mmoja, wakinyoosha mkono bila kuingia njiani, na vikombe na chupa ziokotwe kabla kituo hakijafungwa. Anayeishia njiani abaki kwenye kituo cha maji kilicho karibu, ampe msimamizi namba yake, asipande gari la mtu bila kuaga. Mwaka wowote ule hofu kubwa haitokani na aliyeanguka mbele ya watu, inatokana na asiyejulikana aliko.

Tutakutana chini ya miti iliyo nyuma ya jukwaa. Kila kiongozi wa usharika atakuwa na orodha ya watu wake na simu yenye chaji. Anayemaliza aje atikiwe jina, apewe kanga au shuka ajifunike, chai yenye sukari na kitu chenye chumvi. Magari hayataondoka hadi kila jina kwenye kila orodha liwe limetikiwa, hata kama ni saa nane mchana.